Ololokwe kutoka Nairobi: msipande siku mliyofika

Usipande siku hiyo hiyo. Nimesoma ratiba yako mara mbili na mwili umenisisimka. Mnatoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri, mnafika Ololokwe, ule mlima wa jiwe kule Samburu, saa sita, mnaanza kupanda palepale ili mkalale juu, kila mtu na lita mbili za maji. Halafu unauliza viatu gani, hema mkodi wapi, na kama Jumapili mtapata muda wa kuona ndovu Samburu. Toa ndovu tu, hiyo ndiyo ratiba tuliyokuwa nayo sisi Februari ya mwaka juzi. Ilimlaza rafiki yangu hospitalini siku tatu.

Najua hesabu mnayopiga, maana na sisi tuliipiga. Ololokwe ina kama mita 2,000. Longonot ina 2,776 na mmeshaipanda mkashuka mkaenda kula samaki Naivasha. Hata Nairobi tunakoishi iko karibu mita 1,700. Basi mnaona hiki ni kilima cha kunyoosha miguu. Lakini Longonot unaanza kupanda ukiwa tayari kwenye hewa ya ubaridi. Ololokwe unaianzia kwenye nyika ya Samburu, na Archers Post mtakayoipita njiani haifiki hata mita 1,000. Mkishaiteremka Timau mkaingia Isiolo, fungueni kioo cha gari mtajionea wenyewe.

Na lile ni jiwe, ndugu yangu. Limekaa juani tangu asubuhi. Saa nane mchana joto halikushukii kutoka juu peke yake, linakutokea ukutani, linakupandia nyayoni. Mahali pa kushika kwa mkono unashika na kuachia kama sufuria iliyo jikoni.

Tulikuwa watano. Tulifika chini saa saba kasoro, tumechoka na safari, tumekula chapati na madondo Nanyuki, na maji tuliyokunywa tangu Nairobi labda ni chupa moja kila mtu kwa sababu hakuna aliyetaka gari lisimamishwe kila saa. Yaani tulianza kupanda tukiwa na kiu tayari, na hakuna aliyejua. Mzee wa Kisamburu aliyekuwa atuongoze akatutazama, akatazama jua, akasema, "Watoto wangu, ngojeni lipungue. Saa hizi hata mbuzi wamelala." Tukamwambia mzee, tuna ratiba. Neno hilo nalikumbuka hadi leo na linaniuma.

Saa moja ya kwanza ilikwenda vizuri. Tulikuwa tunaimba. Saa ya pili kila mtu amenyamaza, na nikaona fulana nyeusi ya yule dada aliyekuwa mbele yangu imechorwa mistari myeupe mgongoni. Chumvi. Jasho lilikuwa linatoka na kukauka hapo hapo, kwa hivyo huoni umelowa, unajidanganya kwamba hutoki jasho sana. Kwenye joto la namna ile na mzigo mgongoni mtu anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Sasa gawanya lita zako mbili.

Maji yetu yaliisha hata theluthi ya mwisho hatujaianza. Hatukushtuka, kwa sababu jamaa aliyeandaa safari alikuwa ametuandikia kwenye grupu: "Juu kuna chemchemi, msijibebeshe mizigo." Kijana mmoja wetu aliyekuwa na nguvu akatangulia na chupa zote. Alirudi na chupa mbili za matope. Alikuta kidimbwi kimekauka hadi kwenye alama za kwato za ng'ombe, na ndani ya zile alama ndimo mlikuwa na maji.

Hapo ndipo yule dada akaniita kwa jina la mdogo wake. Nikadhani ananitania. Akaniita tena, akauliza kama tumefunga duka. Nikamgusa shingo, ilikuwa moto mkavu, wala tone la jasho. Alijaribu kusimama akayumba kama mlevi. Nakuomba ukumbuke hili hata ukisahau mengine yote niliyoandika: mtu akiwa kwenye joto kali akaanza kusema vitu visivyoeleweka, huyo hajachoka. Ubongo wake unapikwa. Hangojewi apumzike kidogo. Anawekwa kivulini, analegezwa nguo, anamwagiwa maji shingoni, makwapani na mapajani, anapepewa bila kuacha, na anapelekwa hospitali. Akiwa hajitambui usimnyweshe, atapaliwa.

Sasa tukapepea kwa kofia. Maji ya kumwagia hatukuwa nayo. Tulilowesha leso kwa yale matope. Yule mzee, ambaye tulikuwa tumekataa kumsikiliza, alimtuma kijana wake mwenye viatu vya akala, vile vya mpira wa tairi, akateremka mbio na kupanda tena na jerikeni ya lita kumi begani. Alichukua chini ya saa mbili. Nilikuwa natazama saa kila dakika. Tulimshusha usiku kwa tochi za simu, wawili mbele, wawili nyuma, yeye katikati, na Isiolo tulifika saa sita za usiku. Mkojo wake ulikuwa rangi ya chai ya rangi. Daktari alitueleza kwamba misuli ilikuwa imeanza kuharibika kwa joto na uchafu wake unazielemea figo. Drip baada ya drip. Mama yake alikuja kutoka Machakos na matatu tatu tofauti, na mimi ndiye niliyemfungulia mlango wa wodi.

Jamaa wa chemchemi nilimpigia Jumatatu. Unajua alisema nini? Kwamba yeye alipopanda maji yalikuwepo. Alipanda lini? Desemba, mvua za vuli zimetoka kunyesha! Akachukua maji ya Desemba akatuuzia Februari, kwenye nchi ambayo kati ya mvua moja na nyingine ni vumbi. Na alichukua pesa zetu kama mtu anayeijua njia. Alituma pole na kiemoji cha mikono, pesa hakurudisha. Kwa hivyo mtu yeyote akikwambia "juu kuna maji", muulize mwezi gani, kisha beba yako. Na asije mtu hapa kusema sisi tulikuwa watoto wa mayai. Wanne kati yetu tulikuwa tunapanda vilima vya Ngong karibu kila mwezi.

Fanyeni hivi. Tokeni Nairobi Jumamosi kama mlivyopanga, mfike, mjiandikishe kwa wenyeji na mkubaliane na mwongozi, halafu LALENI CHINI. Jioni nzima kunyweni maji. Saa kumi na moja alfajiri muwe njiani na tochi. Saa nne ikiwakuta bado mnapanda, kaeni kivulini hadi saa kumi au mgeuke. Lita tano kila mtu, na pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini. Mkizikosa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja ya maji safi. Ndiyo, ni siku moja zaidi. Ombeni ruhusa ya Jumatatu kazini. Mkinyimwa, sogezeni safari.

Viatu, chochote chenye soli inayoshika na ambacho umeshakivaa sana.

Yule dada alirudi Ololokwe Julai iliyofuata, na mzee yuleyule. Nilikuwepo. Tulilala chini, tukaanza na nyota, na saa mbili na robo tulikuwa tumekaa ukingoni tumejifunga shuka kwa upepo. Tumbusi aina ya Rüppell, wale wanaotaga kwenye magenge ya jiwe lile, walikuwa wanapita chini yetu, ukiwaona mgongo badala ya tumbo. Yule dada alikuwa amebeba lita sita. Mbili alizirudisha chini, akampa yule kijana wa akala.