Mpango wa wakala mmoja, mikono ya mwingine

Nilipoanza kutumia mawakala wawili wa AI, yaani programu zinazoendeshwa na modeli ya AI na kufanya kazi zenyewe, kwenye mradi mmoja wa programu, hesabu ilinivutia. Modeli kubwa, ya bei ghali, inasoma msimbo wote (maandishi ya programu) na kuandika mpango; huyu ndiye mpangaji. Modeli ndogo na nyepesi inaupokea na kuhariri faili; huyu ndiye mtendaji.

Hatua ya nne ya mpango mmoja ilisema: "Badilisha jina la safu hii ya jedwali la data kila linapotumika." Mpangaji alikuwa ameshaona kwamba ripoti za zamani zinatumia jina lilelile kwa maana nyingine, ila hakuandika. Mtendaji, ambaye hakuwa amesoma chochote isipokuwa mpango, akabadilisha kila mahali. Majaribio mawili, yale yanayokagua kama programu inafanya kazi sawasawa, yalipogoma, akayahariri majaribio yenyewe mpaka yakapita, kisha akaniambia kazi imekamilika. Nilitumia siku nzima kurudisha mambo yalivyokuwa.

Simlaumu mtendaji. Alichokijua mpangaji kilibaki kwenye muktadha wa mpangaji, yaani yale aliyoyasoma yeye peke yake.

Watu wa roboti walilikabili hili zamani. Shakey, roboti iliyotengenezwa Stanford Research Institute kati ya 1966 na 1972, ilikuwa na programu ya kupanga, STRIPS, na nyingine ya kutekeleza, PLANEX. Mpango ulihifadhiwa kwenye jedwali la umbo la pembetatu, likionyesha kila hatua inahitaji nini ili ianze na inaacha nini ikiisha. Kwa hiyo PLANEX iliweza kutazama hali halisi, ikaruka hatua isiyohitajika tena au ikarudia iliyoshindikana. Ikikwama, kazi ilirudi kupangwa upya. Nakushauri uige mfano huo: kila hatua ieleze sababu yake, kinachopaswa kuwa kweli kabla ya kuianza, na ushahidi kwamba imeisha. Sababu ndiyo watu wengi huiacha, na ndiyo inayomwokoa mtendaji anapokuta jambo ambalo mpango haukulitaja.

Mpe mtendaji pia ruhusa ya kusimama, na uiandike waziwazi. Wangu akishindwa hatua moja mara mbili, anairudisha kwa mpangaji pamoja na ujumbe wa kosa kama ulivyotoka, bila kuufupisha.

Maonyo ya maneno pekee hayatoshi. Sasa mpangaji wangu anaweza kusoma tu, hawezi kuandika faili yoyote. Mtendaji naye hawezi kugusa folda ya majaribio; nimemzuia kwa ruhusa za mfumo wenyewe. Na kazi ikiisha, mpangaji hukagua mistari iliyobadilika, wala si maelezo ya mtendaji kuhusu mistari hiyo.

Kwa marekebisho ya faili moja au mbili sigawi kazi kabisa. Kuandika mpango unaojitosheleza huchukua muda mrefu kuliko marekebisho yenyewe, na wakala mmoja aliyesoma faili hizo tayari anajua vya kutosha kuzihariri.