Pointi Mbili kwa Timu Iliyoshindwa

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Timu ninayoishabikia katika ligi ya raga ya Kenya Cup ilishindwa 24-20, lakini kwenye jedwali ikaongezewa pointi mbili. Je, hapakuwa na makosa? – Msomaji, Nakuru.

JIBU: Ndugu msomaji, hesabu hiyo ni sahihi. Mshindi hupata pointi nne na timu zinazotoka sare hupata mbili kila moja, lakini juu ya hapo kuna pointi ya ziada kwa timu yoyote iliyofunga trai (yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani) nne au zaidi, na nyingine kwa timu iliyoshindwa kwa tofauti isiyozidi alama saba. Ikiwa alama 20 za timu yako zilitokana na trai nne za alama tano kila moja, bila mkwaju wowote wa nyongeza, ule unaopigwa baada ya trai, kupita katikati ya milingoti, basi ilistahili zote mbili. Wapinzani yawezekana walifunga trai tatu tu, kila moja ikifuatwa na mkwaju wa alama mbili, kisha penalti ya alama tatu. Hao huondoka na pointi nne bila ziada. Kwa maoni yangu, mpigaji mikwaju wenu ndiye anayehitaji mazoezi.

Usizidharau pointi hizo, kwani Kenya Cup, licha ya jina lake, huchezwa kwa mfumo wa ligi kabla ya hatua ya mtoano, na nafasi kwenye jedwali ndiyo huamua nani anafuzu. Enterprise Cup, shindano jingine la raga lililoanza mwaka 1930, ndiyo ya mtoano.