Wakala "anauliza" au "inauliza"? Na anwani "yake" ni ya nani?

SWALI: Jambo Mwalimu. Ninafundisha vijana kompyuta hapa Ibanda, Bukavu. Ninaandaa somo juu ya zana inayowawezesha mawakala wa akili unde, yaani programu zinazomfanyia mtu kazi zenyewe, kutafuta anwani ya IP ya umma, ile namba inayotambulisha kifaa au mtandao kwenye intaneti. Niliandika: "Wakala anatumia zana hii kuuliza anwani yake ya umma." Mwenzangu akafuta "anatumia" akaweka "inatumia", kwa kuwa programu si mtu. Nani amesema kweli?

JIBU: Jambo sana, dada. Rudisha "anatumia".

Mwenzako ameshika kanuni ya shuleni: kiumbe hai hupewa a- na wa- hata kama jina lake lina umbo la ngeli nyingine, ndiyo maana tunasema kifaru amekimbia, kipofu amefika. Ameigeuza upande wa pili, kwamba kisicho hai kisipewe a-. Sawa, lakini basi aifuate mpaka mwisho. Wakala, mawakala: ukiondoa uhai ukabaki na umbo tu, unapata "wakala limeuliza, mawakala yameuliza", kama dirisha na madirisha. Hakuna anayesema hivyo. Ile i- yake imetoka kwenye neno "programu" alilolibeba kichwani bila kuliandika. Akiitaka, aandike "programu wakala inatumia", na hapo itakuwa na mwenyewe.

Tena neno hili limekwisha kubeba mzigo. Wakala akiwa mtu, ni a-. Wakala ukiwa taasisi, kama Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, utakuta "wakala huu umetangaza". Msomaji asiongezewe mlango wa tatu. Wala a- haikungoja nyama na damu: malaika hana mwili, na bado tunasema ametumwa. Hata kwenye Kiswahili chetu cha Bukavu, ambacho hakibani sana mambo ya ngeli, mtoto "eko" na simu "iko". Tofauti hiyo sikio linaijua.

Linalonisumbua zaidi ni neno ambalo nyote wawili mmelipita: "yake".

Kiswahili hakitofautishi mwenye kitu aliye mtu na kisicho mtu. Mkono wa mtoto ni wake, mguu wa meza ni wake. Kwa hiyo "anwani yake" haituambii ni ya wakala, ya kompyuta, ya ruta (kifaa kinachounganisha darasa na intaneti), au ya mwanafunzi aliyeketi mbele ya mashine. Katika somo hili, hapo ndipo ukweli unapopotea. Kompyuta iliyounganishwa na Wi-Fi ya darasani kwa kawaida inajua anwani yake ya ndani tu, labda inayoanza na 192.168 au 10, namba zilizotengwa kwa mitandao ya ndani. Ya umma inaonekana kutoka nje. Ndiyo sababu zana huuliza seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, iliyo mbali: ombi hili umeliona likitoka anwani gani? Jibu linalorudi ni anwani ya mlango wa kutokea, na mara nyingi si ya kompyuta hiyo peke yake. Anwani za IPv4, yaani za mfumo wa zamani ambao bado unatumika sana, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya moja.

Sasa tuseme wakala haendeshwi kwenye kompyuta yako, anaendeshwa kwenye seva Ulaya. Ataita zana akiwa huko, na atapata anwani ya huko. Kijana wako aliyesoma "anwani yake" ataamini ameonyeshwa anwani ya Ibanda. Akiitumia kufungulia mtu njia kwenye ukuta wa usalama wa mtandao, atakuwa amemfungulia mgeni.

Mtaje mwenye anwani kwa jina. Kwa darasa lako ningeandika: "Wakala anatumia zana hii kuuliza anwani ya umma ambayo maombi ya zana yanaonekana nayo nje." Ni ndefu kuliko yako, najua. Kama zana inaendeshwa hapo hapo darasani, unaweza kufupisha: "anwani ya umma ya mtandao wa darasa". "Ya umma" iache ilivyo, ila waambie siku ya kwanza kwamba maana yake ni inayoonekana hadharani. Si mali ya wote kama kisima cha umma.

Na mwenzako mwambie kwamba kwenye wingi pia ni "mawakala wanauliza".