Siku 3 Salvador ya Brazil, nianzie wapi?

SWALI: Mambo dada, mi niko Tabata, kazini wananipeleka semina São Paulo na nikimaliza nabaki na siku 3 za kwangu. Watu wananiambia niende Salvador kule Bahia, eti mji wa zamani wa pwani. Nikifika naanzia wapi? Alafu mi mgumu kwenye chakula, nitakula nini?

JIBU: Poa kaka, nenda wala usisite, mi nilishafika na nikipata nauli kesho narudi.

Anzia Pelourinho, ndo mji mkongwe wenyewe, nyumba za rangi rangi, barabara za mawe, kupanda na kushuka mwanzo mwisho so vaa raba. UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia 1985. Wengi wanapiga picha wanasepa, ila wewe jua kwanza hilo jina, pelourinho ni ile nguzo waliyokuwa wanafungia watu na kuwachapa viboko hadharani. Mji umeanzishwa 1549, ukawa makao makuu ya Brazil mpaka 1763, na utumwa kule umekuja kufutwa 1888, sasa piga hesabu ni miaka mingapi. Kama ulishafika Mkunazini pale Zanzibar palipokuwa na soko la watumwa utanielewa, ukishajua umekanyaga wapi hata sauti unaishusha.

Ndo maana nasema kanisa lako la kwanza liwe lile la bluu, Rosário dos Pretos, liko hapohapo kwenye mteremko. Walijenga weusi wenyewe, watumwa na walioachwa huru, walianza 1704 wakawa wanajenga wakishamaliza kazi za mabwana zao, ikachukua karibu miaka 100. Ukiwepo Jumanne jioni ingia misa, ngoma za Kiafrika zinapigwa humohumo ndani na watu wanaimba wanacheza, mi nililia kabisa. Na uliza habari za Wamalê, Waislamu wa Afrika Magharibi waliopelekwa utumwani wakiwa wanajua kusoma na kuandika Kiarabu, wakaja kuasi hapo mjini Januari 1835 ndani ya Ramadhani. Inaniuma kwamba shuleni sikuwahi kusikia hata sentensi moja.

Kanisa la dhahabu la São Francisco kila mtu atakutajia, ila Februari 2025 dari lilianguka likaua mtalii mmoja, likafungwa, so ulizia kwanza.

Kushuka bandarini panda Elevador Lacerda, lifti ya tangu 1873, mita 72, haiishi dakika uko chini na soko la Mercado Modelo liko mbele yako. Jioni kaangalie jua linavyozama kwenye ufukwe wa Porto da Barra.

Chakula sasa. Acarajé ni bagia za kunde kaka! Kunde zinasagwa na kitunguu, zinakaangwa kwenye mawese, mama mwenye gauni jeupe na kilemba anaipasua katikati anakujazia uji mzito wa vatapá na kamba wakavu. Akikuuliza "quente?" usidhani anaongelea moto, anaulizia pilipili. Moqueca nayo ni samaki wa tui la nazi na mawese, inaliwa na wali, mtu wa pwani huwezi kushindwa.

Alafu chanjo ya homa ya manjano chanja mapema na kadi uitunze, ukirudi Dar wataiulizia maana unatokea Brazil.