Hujaiba wimbo wa mtu

Binti yangu, salamu kutoka hapa Busia. Sisi wazima, mvua imezidi tu kidogo na barabara ya kwenda sokoni imekuwa matope matupu, lakini biashara inaenda.

Meseji yako ya juzi usiku niliisoma, asubuhi nikairudia kabla ya chai, nikaona nikijibu na kidole kimoja kwenye wasapu nitaharibu tu, acha nikuandikie kirefu uisome ukiwa umekaa. Umeniuliza hivi: tangu nyanya yako afariki, ukisikiliza Kuliko Jana ya Sauti Sol wewe unamsikia yeye, yaani huyo anayekupenda leo kuliko jana kwako ni nyanya, halafu rafiki yako wa kwaya akakuambia ule ni wimbo wa Mungu bana, binadamu hawekwi hapo, umeuiba. Sasa unataka baba yako aamue.

Hujaiba. Lakini na rafiki yako hajakosea, na hiyo ndiyo sehemu inayonifanya niandike.

Unaujua ule wimbo wangu, Sina Makosa wa Les Wanyika, ule mnaonichekea nao kila harusi. Wale ni Watanzania waliokuwa wanapiga muziki Nairobi, walijitoa bendi ya Simba Wanyika mwaka 1978 wakaanzisha yao, na ile sauti unaisikia ikilalamika pole pole. Maneno yake hayafichi kitu. Kuna bwana amekasirika anataka kuua mtu kwa ajili ya mwanamke, na huyu anayeimba anajitetea, kwani hasira za nini, wewe una wako nyumbani na mimi nina wangu nyumbani, mbona unanionea. Ni mambo ya wanawake tu, mama yako ameshaniambia hivyo mara nyingi na jicho lake unalijua! Yeye ni mtu wa Afrigo, ile bendi yetu ya Uganda, wale wa Moses Matovu, wameanza 1975 na mpaka leo anawatetea kama ndugu zake wa tumbo moja.

Sasa mimi huo wimbo ulinishika mwaka 1987, mwaka ule pesa za Uganda zilipokatwa sifuri mbili na watu wakawa wanahesabu noti mpya kama wanasoma kitabu cha kigeni. Nilikuwa karani wa stoo kwa tajiri mmoja hapa mpakani, jina lake halina kazi saa hii. Magunia ya sukari yakapungua. Yule mzee akanisimamisha mlangoni mwa stoo mbele ya makuli wote, akaniita mwizi, akaniuliza nimeuza upande gani, wa Kenya ama wa kwetu, na kila nikifungua mdomo anasema nyamaza. Alikuwa rika la babu yako, ningemjibu nini? Peni ilikuwa bado iko mkononi mwangu na wino umevuja umenijaa vidole, na mmoja wa makuli akasema ati hata mikono yake inaonyesha, wakacheka.

Jioni hiyo nikapita kwa fundi wa redio, alikuwa anakamata Sauti ya Kenya siku nzima na betri zimeanikwa juani pale mlangoni, na wimbo ukaingia. Nilikuwa nimeusikia miaka, nimeucheza hata, lakini maneno sikuwa nimeyasikiliza, mimi nilikuwa mtu wa gitaa. Siku hiyo nikasikia mtu anauliza, kwa upole kabisa, hasira za nini. Ile sehemu ya mwanamke niliipita tu kama mtu anayeruka dimbwi. Nilibaki na hayo mawili, hasira za nini na sina makosa, nikaenda nayo nyumbani.

Na kuna kitu nyinyi watoto wa juzi hamwezi kukijua vizuri. Kiswahili kwa Uganda yetu wakati ule kilikuwa ni lugha ya bunduki. Ukikisikia barabarani usiku ujue ni rodibloki ya wanajeshi, ni toa kitambulisho, ni lala chini, na huko Kampala ukikiongea kwenye taksi mtu anashika mfuko wake. Sisi wa mpakani tulikuwa nacho cha sokoni, sawa, lakini hata tajiri wangu siku ile alinitukania kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho cha kutukania mtu. Halafu namsikia huyu mwimbaji wa Les Wanyika, na Kiswahili hicho hicho, anajitetea bila kupiga kelele, bila kumwogopa mtu, na gitaa linamsindikiza pole pole. Sikuwahi kufikiria inawezekana. Mimi nilikuwa najua tu kukijibia ndiyo afande.

Wiki iliyofuata nilienda kwa yule mzee nikamwambia sikuchukua sukari yake, nikamwambia nikiwa nimesimama wima, nikaacha funguo mezani. Sukari haikupatikana mpaka leo na kazi ndiyo hivyo ilikwisha, usifikiri wimbo ulileta muujiza. Nilichopata ni namna ya kusema.

Sasa ungeniuliza siku ile wimbo unahusu nini, ningekuambia ni mambo ya kugombania mwanamke. Sikuwahi kusimama baa nikabishana ati Les Wanyika waliimba juu ya magunia ya Busia. Hapo ndipo naona wewe na rafiki yako mnagombana bila kugombana, yeye anasema wimbo unasema nini, wewe unasema wimbo umekufanyia nini, hayo ni maswali mawili na kila mtu anajibu lake.

Na kuna nyimbo ambazo mwenyewe amelipa sana kuziimba, hizo mimi huwa siingizi habari zangu haraka. Philly Lutaaya, mwanamuziki wetu wa Uganda, mwaka 1989 alisimama mbele ya Waganda wote akasema ana ukimwi, wakati watu walikuwa wanazika usiku na kusema marehemu alirogwa, akaimba juu ya kuwa peke yake na kuogopa, na Desemba ya mwaka huo huo akafa. Shangazi yako aliyemuuguza mume wake aliuimba huo wimbo jikoni mwaka mzima na hakuwa mgonjwa, hakuna aliyemkataza. Lakini mtu akija kuniambia Lutaaya alikuwa anaimba habari za mapenzi yaliyovunjika, huyo nitambishia mpaka usiku.

Kitu kimoja tu nitakusumbua nacho. Wewe umeushika ule mstari wa kupendwa, sawa, lakini usikilize wote. Kuna pale wanaposema huyo si kama binadamu, habadiliki. Nyanya yako alikuwa binadamu, na alibadilika sana tu, asubuhi anakuita malkia wake na saa nne anakufukuza na mwiko kwa sababu umeacha maziwa yakamwagika, na ule mwaka uliofeli mtihani hakukusemesha mpaka Pasaka. Mimi nikisikia hapo namkumbuka kwa jinsi ambavyo hafanani na wimbo. Sijui wewe utasikia nini, jaribu kesho ukiwa peke yako, si kwenye boda na masikio yote yamezibwa, tafadhali, hilo nimeshasema.

Rafiki yako msalimie, mwambie kama anataka kubishana aje Busia kwa mama yako, atapewa chakula kwanza. Na huyo mama yako anauliza Krismasi unakuja na basi la usiku ama la mchana, mjibu mwenyewe, mimi amenichosha na hilo swali.

Baba yako