Mpiga Gitaa Hukumbukwa kwa Gitaa

Kila tarehe 8 Agosti wapiga kantri watano au sita hukutana kwangu hapa Nakuru kumkumbuka Glen Campbell, mwimbaji na mpiga gitaa wa kantri wa Marekani, aliyefariki Nashville siku hiyo mwaka 2017 akiwa na miaka 81. Mara ya kwanza tuliharibu. Kila mtu alitoa hotuba, simu zikazunguka na video zake, na kufikia saa nne usiku hakuna aliyekuwa amegusa uzi. Nililala na uzito moyoni.

Wanamuziki wenzangu, mkitaka kumkumbuka mwenzenu, gawaneni kazi yake wiki mbili kabla, kila mmoja ajifunze kipande kimoja hasa. Na msikimbilie nyimbo zilizompa jina. Kabla hajajulikana, Campbell alikuwa mpigaji wa studio Los Angeles, yaani aliyepiga kwenye rekodi za wengine. Noti hakujua kusoma, lakini gitaa lake limo kwenye rekodi za bendi ya Beach Boys na za mwimbaji Frank Sinatra. Mwisho wa 1964, Brian Wilson wa Beach Boys aliposhindwa kuendelea na ziara, Campbell ndiye aliyeshika besi na kuimba ile sauti ya juu. Ndiyo maana kwetu mmoja hupewa rithimu, yaani kuwashikia wenzake mapigo, usiku kucha; solo, kipande cha kung'ara peke yake, hapati hata moja. Nafasi hiyo sasa tunaigombania.

Kisha kuna Wichita Lineman ya 1968. Mtunzi wake, Jimmy Webb, aliutuma wimbo huo akijua bado una pengo, ubeti wa tatu hakuwa ameuandika. Campbell akaazima besi ya nyuzi sita, aina ya Danelectro, ya mpiga besi Carol Kaye, akapiga sauti ya wimbo pale ambapo maneno yangekaa. Hakuongeza kitu. Mwaka mmoja kijana wetu mwenye vidole vyepesi aliijaza solo ile mapambo mpaka wimbo ukapotea. Nilimwomba airudie kwenye nyuzi nene tu, noti moja moja, asiharakishe inayofuata. Aliporudia, tulisahau kuingia na ubeti. Mpigaji mkifiwa naye, pengo lake lipigieni hivyo.

Lakini ninalotaka kuwasihi zaidi ni hili: msingoje mtu afe. Campbell alifundishwa gitaa na mjomba wake, Boo, kwa gitaa la dola tano ambalo baba yake alimwagizia kutoka duka la Sears akiwa na miaka minne. Mwaka 2011 alitangaza kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu, kisha akazunguka na ziara ya kuaga, watoto wake watatu wakiwa ndani ya bendi na maneno ya nyimbo yakiandikwa kwenye skrini mbele yake. Maneno yalimponyoka, vidole vikaendelea kujua njia.

Mimi pia nilifundishwa na mjomba. Siku hizi ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Mwaka mzima niliogopa kumpelekea gitaa nisije nikamwaibisha, na mwaka huo naujutia. Kama una mzee wa namna hiyo, nenda. Weka nyuzi sawa kabla hujaingia kwake, asikuone ukihangaika. Kaa mahali anapoiona mikono yako. Anza na wimbo aliokufundisha yeye, tena polepole, na usimuulize kamwe, "Unakumbuka?"

Jumapili iliyopita nilimkuta kibarazani. Nikamsalimu, akaitikia kama anavyoitikia wageni. Nikaanza kupiga. Alitazama mkono wangu wa kushoto kwa muda, uso umekunjamana, kisha akanyoosha mkono, akakishika kidole changu cha pete na kukisogeza uzi mmoja chini.

"Hapo," akasema. "Nilikwambia hapo."