Winchester ya mzee: ni ya lini, na nilipe ngapi?

SWALI: Mhariri, niko Njoro, leseni ninayo, kuna jamaa anauza bunduki ya babake, Winchester 94, ile ya kukokiwa na mkono wa chini, anasema ni ya zamani so bei iko juu. Nitajuaje?

JIBU: Ndugu, anza na namba iliyopigwa chini ya bodi ya bunduki, mbele ya huo mkono; hiyo ndiyo itakuonyesha ni ya lini. Za kabla ya 1964 ndio watu hung'ang'ania, juu mwaka huo kiwanda kilibadilisha utengenezaji kupunguza gharama. Ikiwa imepigwa msasa na rangi mpya bei ishuke, hata kama inang'aa! Hakikisha haina risasi, chungulia mtutu na tochi, kisha kwa hizo za zamani vuta nyundo (kile kipande cha nyuma cha kuvutwa na kidole gumba) hadi isimame nusu, ufinye triga: nyundo ikianguka, wachana na hiyo bunduki. Na msikabidhiane kabla bodi ya leseni za silaha haijaidhinisha.